Kukata na Kujaza: Jinsi ya Kumtengenezea Bwana Njia

Maandiko ya kusoma: Isaya 40:3-4, Luka 3:3-14, Luka 19:1-10, Mathayo 5:23-24



Somo la wiki hii nimelikwepa kwa miezi kadhaa. Linahusu njia, reli na deni. Deni lenyewe ni langu. Mchungaji Kiongozi analijua, mke wangu analijua, na ameniruhusu niliandike. Nakuomba usome mpaka mwisho, na ukimaliza, kabla hujanikagua mimi, ujikague wewe.

MAHALI PENYEWE

Oktoba mwaka jana nilisafiri Marekani kwa mwaliko wa kanisa rafiki. Mkutano ulipoisha nilikuwa na siku tatu kabla ya ndege ya kurudi. Nikampigia simu kaka yangu mkubwa, ambaye ni muuguzi katika jimbo la Pennsylvania. Tulikuwa hatujaongea vizuri kwa miaka minane. Kusema ukweli, nilitarajia aniambie yuko kazini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alhamisi sina zamu. Njoo tutembee."

Alinipeleka kaskazini mwa jimbo hilo, karibu na mji mdogo unaoitwa Wellsboro, kwenye korongo la Pine Creek. Wenyeji huliita Grand Canyon ya Pennsylvania. Kama umewahi kuingia Hell's Gate kule Naivasha, weka kando ile picha ya miamba mitupu na jua kali. Korongo hili limefunikwa na msitu kutoka juu hadi chini. Lina urefu wa kilomita 75 hivi, na mahali penye kina kirefu zaidi ni kama mita 440 kutoka ukingoni hadi kwenye maji. Oktoba majani ya miti huko hugeuka rangi, mekundu na ya manjano, mpaka unadhani mlima unawaka. Na chini kabisa kuna kijito cha Pine Creek, na kando ya kijito kuna njia.

Tulisimama kwanza juu, kwenye hifadhi ya Leonard Harrison, tukatazama chini. Kutoka pale kuna njia ya kuteremka inayoitwa Turkey Path, mwendo wa maili moja hivi, ngazi na kona kali kando ya maporomoko ya maji. Mimi nikasema, twende hii. Kaka akashika goti lake akacheka. "Hiyo ni ya vijana. Tena tukipita hapo hatutaongea. Kila mtu atakuwa anaangalia anapokanyaga."

Basi tukarudi kwenye gari, tukazunguka mpaka mahali panapoitwa Darling Run, ambapo unaingia korongoni bila kuteremka mlima wowote.

NJIA ILIYOACHWA NA RELI

Njia ile ilikuwa reli. Ilijengwa na kufunguliwa mwaka 1883, ikabeba magogo, makaa ya mawe na abiria kwa zaidi ya miaka 100. Gari moshi la mwisho lilipita mwaka 1988. Badala ya kuiacha ile ardhi imezwe na vichaka, reli na mataruma viling'olewa, ikamwagwa changarawe laini ya mawe ya chokaa yaliyosagwa, na mwaka 1996 sehemu ya kwanza ikafunguliwa kwa watu wa miguu na baiskeli. Leo ina urefu wa kilomita 100 hivi, kutoka karibu na Wellsboro mpaka mji wa Jersey Shore. Siku ile tulipishana na mzee mwenye mkongojo, mama anayesukuma kigari cha mtoto, na wazee wawili kwenye baiskeli walionisalimia kama wananijua.

Hebu tulia hapa, kwa sababu ndipo somo linapoanzia. Inawezekanaje katikati ya milima kama ile kuwe na njia ambayo hata mtoto wa miaka minne anaipita?

Jibu liko kwenye gurudumu. Gurudumu la gari moshi ni chuma, na linakanyaga chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana gari moshi moja linavuta mzigo mkubwa namna ile kwa nguvu kidogo, na ndiyo maana pia haliwezi kupanda mlima mkali. Mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 mimi na wewe hatuuhisi, lakini kwa gari moshi la mizigo huo ni mlima. Waliojenga reli yetu ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu wanajua. Walipofika ukingo wa Bonde la Ufa, iliwabidi kwa muda washushe mabehewa kwa kamba, mpaka njia ya kudumu ikamilike.

Kwa hiyo mainjinia wa reli wana kazi mbili tu, kukata na kujaza. Palipoinuka wanakata. Palipobonyea wanajaza. Mara nyingi udongo uliokatwa huku ndio unaojazwa kule. Ukitembea Pine Creek ukiwa makini unaona. Mahali fulani mwamba umechongwa ubavuni mwa njia, mbele kidogo unatembea juu ya tuta, na maji ya mlimani yanapita chini yako kwenye kalvati. Unateleza tu, raha mustarehe, lakini mtu alitoka jasho ili wewe usitoke.

Sasa fungua Isaya 40:3-4. Nabii anaagiza njia ya Bwana itengenezwe jangwani, na anaeleza inavyotengenezwa. Mabonde yapandishwe, milima iteremshwe. Ni kukata na kujaza! Isaya anaongea kama mkandarasi.

Na ukitaka kujua kazi hiyo inafanana na nini katika maisha ya kawaida, nenda Luka 3. Yohana Mbatizaji anahubiri maneno hayo hayo ya Isaya, na watu wanamuuliza, sasa tufanye nini? Soma majibu yake kuanzia mstari wa 10 mpaka wa 14. Mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze kupita kiwango. Askari asinyang'anye mtu, atosheke na mshahara wake. Umeona? Watu wanauliza habari za kumpokea Masihi, naye Yohana anawajibu habari za nguo, chakula, kodi na mshahara. Milima mingi inayomzuia Bwana asipite kwetu iko mfukoni.

DENI LANGU

Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya biashara. Nilikuwa kiongozi wa vijana kanisani, si hapa, lakini kanisani. Kaka alianza kunitumia pesa za kumjengea Mama nyumba ya mawe, maana nyumba ya mabati ilikuwa inavuja. Alituma mara tano. Jumla ilikuwa shilingi 640,000.

Mimi nikaona akili ndogo hiyo. Pesa zikae kwenye saruji, wakati mtu mwenye digrii anaweza kuzizungusha? Nikafungua duka la agroveti. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana kwenye karatasi. Miezi sita pesa zizae, faida nibaki nayo, nyumba ijengwe, hakuna atakayejua. Mvua ikakataa, wakulima wakachukua dawa na chakula cha ng'ombe kwa mkopo, wakashindwa kulipa. Baada ya miezi 14 nikafunga duka.

Wakati huo wote kaka alikuwa anauliza nyumba imefika wapi. Nikamwambia iko kwenye linta. Nikamtumia picha za nyumba ya jirani.

Mwaka 2017 alikuja likizo bila kutuambia. Alikuta msingi na mistari minne ya mawe, na majani yameota ndani. Hakunipigia kelele. Aliangalia, akapanda matatu, akaenda. Baadaye yeye mwenyewe alimjengea Mama kupitia mtu mwingine.

Nilimtumia ujumbe. Niliandika, "Nisamehe kama nilikukosea." Angalia hilo neno "kama". Hakujibu. Mimi nikaona nimetimiza wajibu wangu, nimeomba msamaha, shauri yake. Nikaenda chuo cha Biblia, nikaingia katika huduma, nikahubiri msamaha mara nyingi. Nilipofika Mathayo 5:23-24 nilikuwa naipita haraka. Ile inamhusu mtu aliyeleta sadaka, akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo naye. Bwana hamwambii amalize ibada kwanza. Anamwambia aiache sadaka pale, aende kupatana, ndipo arudi.

Wenzangu mliosoma uhasibu mnajua kwamba deni ambalo hukuliandika kwenye vitabu haliwi limelipwa. Vitabu vyako ndivyo vinakuwa vya uongo. Mimi nilikuwa mchungaji mwenye mizania ya uongo.

TULIVYOTEMBEA

Njia ya reli ni pana. Watu wawili wanatembea bega kwa bega, na huhitaji kuangalia chini. Pia humtazami mwenzako usoni, mnaangalia mbele wote wawili. Nimegundua kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa amekaa mezani akikodolewa macho, lakini anaweza kuyasema akitembea.

Tulitembea kama saa nzima tukiongea habari za watoto, za zamu za usiku, za goti lake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaianza. "Kaka, kuhusu ile pesa. Disemba nitauza kile kipande cha shamba, nichukue na mkopo sacco, nikulipe yote mara moja, na riba juu."

Akasimama. Akaniambia, "Mdogo wangu, umeanza tena. Miezi sita pesa zizae. Linta. Sasa ni Disemba. Mbona wewe lazima uruke? Niambie kitu kimoja. Kwa mwezi unaweza kutoa ngapi bila kunidanganya?"

Nikapiga hesabu kichwani, karo, nyumba, mafuta ya pikipiki. Nikasema elfu nane.

Akahesabu. "Miezi 80. Miaka sita na miezi minane. Sawa. Na usinitumie mimi. Mtumie Mama."

Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua, na ndicho kilichonivunja. "Unajua Mama alifikiri miaka ile miwili sikutuma chochote? Alikuwa ananiombea kwenye simu nisisahau nyumbani. Mimi nilinyamaza. Ningesema ukweli, ningemvunja moyo juu yako, na wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Lakini aliniona mtoto aliyepotelea ughaibuni. Hiyo ndiyo ninayokudai. Pesa ni pesa."

Wapendwa, nililia pale njiani. Mtu wa baiskeli akapunguza mwendo akauliza kama tuko salama. Kaka akamwambia tuko salama.

MAMBO MATATU NILIYOJIFUNZA

1. Kata kwanza, kisha jaza. Kukata ni kukiri bila "kama". Nilipaswa kukata kile kilima cha digrii yangu, cha mvua iliyokataa, cha wakulima wasiolipa. Mvua ilikataa kweli, lakini mvua haikupiga picha nyumba ya jirani. Kujaza nako ni kurudisha kilichotoka. Na bonde halina pesa peke yake. Mimi nilikuwa nimechimba bonde katika jina la kaka yangu mbele ya mama yake mzazi. Huwezi kulijaza hilo kwa M-Pesa. Ukiri bila malipo unaacha bonde wazi, na malipo bila ukiri yanaacha kilima kimesimama.

Lakini tusichanganye mambo hapa. Soma Luka 19 kwa utaratibu. Yesu alimwambia Zakayo atakaa kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia, ndipo mkono wa Zakayo ukafunguka, akaahidi nusu ya mali kwa maskini na kurudisha mara nne. Hatulipi ili tuokolewe. Aliyeokolewa ndiye anaanza kulipa.

2. Mwinuko mdogo bado unafika. Sisi Wapentekoste tunapenda siku moja kubwa. Tunapenda mkesha, kilio, nimesimama nikaangushwa, kesho nimekuwa mtu mwingine. Na Mungu hufanya hivyo, nami ni shahidi. Lakini kuna matengenezo ambayo Mungu anayapitisha kwenye mwinuko wa mbili kwa mia. Elfu nane, tarehe tano, kila mwezi. Ni polepole, lakini mzigo mzito unapita hapo bila kuteleza. Ahadi kubwa ya Disemba mara nyingi ni kiburi kilekile kimevaa nguo ya toba.

Angalia ule msitu pia. Kaka aliponiambia miti ile yote ni mipya sikuamini. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 wakataji walifyeka milima ile, misonobari ya mbao, na miti mingine kwa ajili ya magome ya kulainishia ngozi, kama sisi tulivyotumia miwati. Reli hiyohiyo ndiyo iliyobeba magogo. Milima ikabaki mitupu, moto ukapita, udongo ukashuka na maji. Baadaye serikali ya jimbo ikanunua sehemu kubwa ya ardhi hiyo na kuilinda, na msitu ukarudi, mwaka hata mwaka. Leo fisi maji, ambao walirudishwa kwa makusudi, wanaogelea katika kijito kile. Imani ya mtu uliyemdanganya hurudi hivyohivyo. Huwezi kumwambia mti harakisha. Kazi yako ni kutokata tena.

3. Mkondo unaweza kugeuka. Hili ndilo lililonishangaza zaidi. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani maji ya eneo lile yalielekea kaskazini mashariki. Wakati wa barafu kuu, barafu na vifusi vyake vikaziba njia. Maji yakapanda, yakawa ziwa, mpaka yakafurika upande wa kusini na kujichimbia njia mpya. Ndiyo korongo lenyewe. Kijito kinaenda leo upande ambao hakikuwa kinaenda. Na uzuri wote unaoonekana pale ulichongwa baada ya kugeuka.

Toba ni kugeuka. Huenda Mungu ameziba njia yako ya kawaida. Kazi imekwama, simu za mtu fulani hazipokelewi, maombi yanagonga dari. Usikimbilie kumkemea shetani kabla hujamuuliza Mungu, "Bwana, unataka nigeukie wapi?"

NILIPORUDI

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilienda kwa Mama. Nilimweleza yote, pamoja na picha za nyumba ya jirani. Hakusema neno. Alitoka nje akawapa kuku mahindi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliniuliza kama nimekula. Usiku nilimsikia kupitia ukuta akiongea kwenye simu na kaka, na alikuwa anamwita kwa jina lake la utotoni. Niligeukia ukuta nikamshukuru Mungu.

Na sisi bado hatujamaliza, mimi na Mama. Kuna siku ananijibu kwa ufupi. Ana haki.

Nilimwambia Mchungaji Kiongozi pia, na kwa ushauri wake nimekaa nje ya kamati ya fedha mpaka yeye na wazee waone vinginevyo. Mlikuwa mkiuliza kwa nini. Ndiyo sababu. Nimelipa miezi tisa. Imebaki 71. Tarehe tano ikifika Mama hunitumia ujumbe wa neno moja, "Imefika."

KAZI YA WIKI HII

Kwa vikundi vya nyumbani, jadilini maswali haya:

1. Katika Luka 3:10-14, ungekuwa umesimama kwenye foleni ile, unadhani Yohana angekujibu nini kulingana na kazi unayofanya?

2. Kuna tofauti gani kati ya "nisamehe kama nilikukosea" na "nisamehe, nilifanya hivi"?

3. Je, kuna mtu ambaye jina lake limechafuka kwa sababu ya ukimya wako? Usimtaje kikundini. Mtaje mbele za Mungu, kisha umwendee.

4. Kama wewe ndiye unayedai, ni mwinuko gani ambao ndugu yako anaweza kuupanda bila kuteleza? Kaka yangu angeweza kukataa elfu nane. Alinikatia kilima ili niweze kupita.

Kwa kila mmoja: chukua karatasi, andika deni moja, la pesa au la maneno. Andika kiasi ambacho unaweza kukitoa kwa ukweli na tarehe utakayoanza. Usiandike Disemba.

Tuombe: Baba, tunakuja kwako tukiwa na vilima na mabonde. Ulitupokea kabla hatujalipa kitu. Tupe ujasiri wa kukata kiburi na uvumilivu wa kujaza tulipobomoa. Wakumbuke walioumia kwa ajili yetu, uwaponye hata pale ambapo sisi hatufiki. Tengeneza njia, Bwana, upite kwetu. Katika jina la Yesu. Amina.